Gia ya Kwanza ya Pikapu ya Mzee Mwangi

Ilianza Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, wiki ya kwanza ya likizo ya Agosti mwaka huu wa hamsini na tisa. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka dukani kuitazama. Fundi Ombati hanywi chai kabla ya saa tatu. Alitumikia mashine za kiwanda cha majani chai miaka mingi, na mpaka leo tumbo lake linangoja king'ora, ingawa hapa Silibwet king'ora hakifiki. Kwa hiyo king'ora ni mimi. Nilikuwa narudi kumwambia bado kidogo, nikamkuta mtu mrefu amesimama mlangoni mwa gereji, kofia mkononi, koti limemning'inia kama la kuazima. Hakubisha hodi. Alikuwa anaangalia turubai lililo kona ya nyuma.

Kwanza niseme mimi ni nani, kwa ajili yenu mtakaobaki na hii gereji. Mimi ni Chepkoech, binti wa arap Rono mwenye gereji, na nimestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, lakini nimefanya kazi hapa kila likizo tangu nianze kusoma sekondari, na Januari naenda kusomea unesi. Baba amesema mgonjwa akiona grisi chini ya kucha za nesi atapona kwa woga. Basi sirudi tena, na mtu akitoka kazini asirudi, amestaafu. Habari za kupanda cheo sina. Nilianza nikiosha nati kwa mafuta ya taa na nimemaliza nikiosha nati kwa mafuta ya taa. Ninaandika kwa sababu nikisimama kuzungumza mbele ya watu, sauti yangu huishia njiani.

Siku yangu ya kwanza Fundi Ombati alinipa karai la nati, akaniambia nifumbe macho. Nikafumba. Akaniwekea nati moja mkononi.

"Spana gani hiyo, Mwalimu?"

Ananiita Mwalimu kwa sababu ya sekondari. Ni utani wa Wakisii, au ni wake peke yake, sijawahi kujua.

Nikasema sijui.

"Hujui kwa sababu unauliza kichwa. Uliza kidole. Chini ya gari hakuna taa, na macho yatadanganywa na matope. Kidole hakijui rangi."

Likizo ile nzima nilikaa pembeni nikishika nati macho yamefumbwa, na wateja wakidhani arap Rono ana mtoto kipofu. Mmoja aliniletea ndizi za pole. Nilizila.

Chombo changu kilikuwa kisu cha mezani cha kupakia siagi, ambacho Fundi Ombati alikinoa mpaka kikawa chembamba kama jani la mahindi. Sisi hapa hatutumii bisibisi kufungua kitu kilichogandana. Bisibisi hutia kidonda kwenye chuma, na kidonda hicho baadaye huvuja mafuta. Tunatumia kisu chembamba, maji ya moto, na uvumilivu, na uvumilivu ndio uliokuwa kazi yangu. Kisu nimekiacha kwenye msumari karibu na dirisha. Asikikatie mtu mkate.

Sasa turubai. Chini yake kulikuwa na pikapu ya zamani, ya kabla ya vita, ya kijani iliyopauka. Ilikuwa ya Mzee Mwangi, ambaye alibebea watu wa makambi ya chai viazi na kabichi, na mkewe, Mama Njoki, alikuwa fundi wa kushona hapa hapa Silibwet, na cherehani yake ilikaa barazani mwa duka la pembeni. Mimi nilikuwa mdogo, lakini gauni langu la kwanza la shule alilishona yeye. Wakati wa Imajensi, Serikali ilipotangaza hali ya hatari, Wakikuyu walikusanywa, wakapakiwa lori, wakarudishwa kwao. Baba alisimama kando ya lori lile. Mama anasema Baba hakuwa na la kumpa rafiki yake isipokuwa neno, akasema, "Mwangi, pikapu iko kwangu. Hata nati moja haitahama."

Tangu siku ile pikapu ilikaa kwetu. Kila mwisho wa mwezi Baba alivua turubai, akawasha injini, akaendesha mbele mpaka kwenye mti, akarudi nyuma, akafunika. Watu waliomba kuikodisha ipeleke mahindi. Alikataa. Waliomba ibebe maiti. Alitafuta gari lingine akalipia mwenyewe. Mama yangu mwenyewe aliomba ibebe kuni, na siku hiyo hatukula mapema.

Na yule mtu mrefu mlangoni ndiye alikuwa Mzee Mwangi. Baba alitoka chini ya gari, akamwona, akaifuta mikono yake kwa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo.

"Chamgei, Mwangi."

"Chamgei mising, Rono. Bado unanuka mafuta."

"Na wewe umekonda."

"Kule hawapiki kama Mama Chepkoech."

"Na mama watoto?"

Mzee Mwangi aligeuza kofia mkononi. "Nilimwacha huko. Chini." Walikwenda wote wawili wakavua turubai, kila mmoja upande wake.

Ningependa kuandika kwamba ilikuwa furaha tu. Mpaka saa sita ilikuwa furaha. Injini iliwaka mara moja. Mzee Mwangi alizunguka gari akigusa taa, akigusa mlango, akimwita Mungu kwa lugha yao, "Ngai," polepole. Kisha akasema anataka kuijaribu na mzigo, kwa sababu wiki inayofuata ataanza tena biashara. Tukapakia viazi vya jirani, magunia mengi, akateremka mpaka darajani, kwenye mto Nyangores, ili apande ule mlima wa kurudi. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia.

Mlima ule mnaujua. Hauombwi radhi. Katikati pikapu ilianza kukohoa. Nilimwona Mzee Mwangi kupitia kidirisha cha nyuma akivuta mkono wa gia kushoto na kuelekea kwake, mahali pa gia ya kwanza, ile ya nguvu. Haukuingia. Akavuta tena kwa mikono miwili. Gari likazimika, likaanza kurudi nyuma, na mimi na viazi tukarudi nalo, mpaka akaligongesha kwenye kingo ya udongo. Watu wa mtoni wakaja. Hakuna aliyeumia ila gunia moja.

Mzee Mwangi akashuka. Akasema maneno haya, na kila mtu akayasikia: "Hii giaboksi ina gia tatu. Yangu ilikuwa na nne. Hii si yangu."

Niwaeleze, maana hapa ndipo kesi ilipo. Pikapu za aina ile zilitengenezwa na giaboksi mbili. Ya kawaida ilikuwa na gia tatu. Ya wenye mizigo ilikuwa na nne, na ile ya kwanza ilikuwa ya polepole sana, ya kupandia ukuta, kama anavyosema Fundi Ombati. Pikapu ya Mzee Mwangi ilijulikana kwa hiyo gia. Na kule upande wa Mogogosiek kulikuwa na mzoga wa pikapu kama ile, ya gia tatu, ambao Baba aliwahi kwenda kuuangalia. Hiyo watu walikuwa wanaijua.

Jioni ile ile maneno yalikuwa yamefika sokoni: arap Rono kaiuza giaboksi ya Mwangi, kaweka ya mzoga. Nilienda kuchukua maziwa kwa Mama Chebet, ambaye huuza chini ya mlingoti wa bendera pamoja na akina mama wengine, na nilipokaribia walinyamaza, kisha Mama Chebet akasema, akipima maziwa bila kunitazama, "Mpeni njia. Hii ndiyo giaboksi inayosoma sekondari."

Wakacheka. Nilitaka kujibu, na midomo ilifunguka, lakini hakukutoka kitu, nikachukua maziwa nikaenda. Na hapa nitasema ukweli kwa sababu hii ni karatasi, haina macho. Njiani nilianza kufikiria. Karo yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka wapi? Baba hakuwahi kusema. Nilitembea nikifikiria hivyo mpaka nyumbani, na nilipompa Mama maziwa sikuweza kumtazama Baba.

Baba hakujitetea. Mzee Mwangi naye hakumtukana. Wazee wa Silibwet walisema watu wawili wasigombanie chuma. Jumamosi arap Rono aje ale kiapo kwamba hakuhamisha kitu. Baba akakubali papo hapo.

Nyinyi wa kutoka mbali hamjui kiapo hapa ni nini. Si kuinua mkono kama mahakamani. Mtu akiapa uongo, hakimrudii yeye. Kinamruka, kinaenda kwa watoto wake, na kwa watoto wao. Mtu mzima mkweli huogopa kuapa hata kwa ukweli. Na Baba anaye mtoto mmoja tu aliye hai, ambaye ndiye anayeandika hapa. Usiku huo Mama alilia jikoni akisema ni moshi.

Asubuhi Fundi Ombati alikuja mapema akasimama mbele ya Baba.

"Rono, kiapo ni Jumamosi. Leo ni Jumatano. Kabla binadamu hajaapa, mwache huyu wa chini ya gari aulizwe kwanza. Naye alikuwepo."

"Fungua," Baba akasema. "Lakini Mwangi awepo. Na mimi sigusi."

Kwa hiyo Baba alikaa juu ya gurudumu upande huu na Mzee Mwangi juu ya debe upande ule, na sisi wawili tukaingia chini.

"Mwalimu," Fundi Ombati akaniambia, "miwani yangu imepotea."

"Iko kichwani, Fundi."

"Hata kama. Funga macho. Giaboksi ya gia tatu, ubavu wake uko namna gani?"

"Laini."

"Ya nne?"

"Ina kidirisha. Kifuniko cha pembeni, pale wanapofungia mashine ya kuvuta nguvu."

"Basi pitisha mkono."

Matope ya mlima ule, vumbi jekundu na mafuta ya miaka, yalikuwa yameganda kama ugali wa jana. Nilikwangua na kisu changu, halafu nikapitisha kidole. Nati. Nikasogea. Nati nyingine. Nikauzunguka ukingo wote wa bamba la chuma, nati baada ya nati.

"Fundi, kidirisha kipo."

"Sema kwa sauti, huko nje hawakusikii."

Sikuweza. Akasema yeye.

Mzee Mwangi akainama akatuchungulia. "Sawa. Ina gia nne. Lakini giaboksi za nne ziko nyingi. Mtu anaweza kuchukua nzima aweke mbovu." Na sikumchukia kwa kusema hivyo, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeshafika hapo kwa mawazo yangu. Baba aliangalia mikono yake.

"Tunatoa kifuniko cha juu," Fundi Ombati akasema.

Tulitoa sakafu ya ndani ya gari, mkono wa gia ukasimama uchi, na kifuniko cha giaboksi kikaonekana kimegandamana na chini yake kama ni chuma kimoja. Fundi angeweza kukigonga kwa nyundo. Alinitazama. Nikaleta birika la maji ya moto na kisu. Nilimwaga kidogo, nikasukuma ncha, nikangoja. Nikamwaga, nikangoja. Kazi hii haitakiwi kuharakishwa hata kama baba yako ameketi nyuma yako akingoja kujulikana ni mwizi au si mwizi.

Kitu cha kwanza kilichotoka kilikuwa harufu. Nilidhani nimekosea. Haikuwa ya mafuta. Ilikuwa ya nta ya nyuki, ile ya mizinga ya msituni, tamu, na moshi ndani yake. Fundi Ombati aliinusa akarudi nyuma.

"Nani alitia nta humu?"

Mzee Mwangi alikuwa amesimama.

Kifuniko kikaachia. Kati yake na kasha mlikuwa na gasketi, ile karatasi ya kuzuia mafuta yasivuje, na haikuwa gasketi ya dukani. Ilikuwa imekatwa kutoka kwa ile karatasi ngumu yenye upande wa fedha, wanayotandika ndani ya masanduku ya majani chai, ikapakwa nta. Niliiondoa na kisu taratibu, ikatoka nzima, nikaiinua kwenye mwanga wa mlango. Upande wa fedha bado ulikuwa unang'aa. Na ukingo wake wote, ndani na nje, hata kuzunguka kila tundu la bolti, ulikuwa na meno madogo madogo, sawasawa, kama meno ya panya.

Ukingo kama huo niliujua. Ulikuwa ndani ya gauni langu la kwanza la shule, kwenye mishono. Makasi ya meno hukata hivyo ili kitambaa kisifumuke. Silibwet nzima alikuwa nayo mtu mmoja.

Nilitaka kusema. Nilimgeukia Mzee Mwangi na karatasi mkononi, na sikuhitaji kusema. Alikuwa ameivua kofia.

"Alinigombeza," akasema. Alikuwa haongei na sisi. "Wakati wa vita hakukuwa na gasketi. Nikamwambia, Mama Njoki, nikatie hii. Akasema karatasi itaharibu makasi yake, akasema mimi napenda gari kuliko yeye. Akakata. Nilikuwa nimesahau. Ngai, nilikuwa nimesahau kabisa."

Alinyoosha mkono, nikampa. Aliishika kwa vidole viwili pembeni kama mtu anayeshika picha iliyoloa. Fundi Ombati alishusha miwani kutoka kichwani akaanza kuifuta. Mimi nilitazama ndani ya giaboksi kwa sababu sikujua nitazame wapi kwingine, na nitawaambia nilichokiona, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile na sidhani nitakiona tena wodini. Meno ya gia yalikuwa yamekaa katika mafuta meusi, makubwa na madogo, yamelazwa moja ndani ya jingine kama watoto kitandani. Hakuna lililovunjika. Miaka yote ile watu walipotawanywa, yenyewe yalikuwa yamekaa pamoja gizani, chini ya karatasi ya mwanamke aliyekwisha kufa.

Fundi Ombati ndiye aliyerudi kazini kwanza. "Basi gia ya kwanza ina shida gani?"

Akasukuma gia kubwa kwa kidole kwenye shafti, ule mhimili wake. Ilienda mbele, ikarudi, na kurudi nyuma zaidi ikakataa. "Mwalimu, uliza kidole."

Nilipitisha kidole juu ya shafti. Mahali gia ilipozoea kutembea palikuwa laini kama kioo. Halafu ghafla pakawa na ukingo: kutu na nta iliyogandiana, pete nzima, mahali ambapo gia ilitakiwa kupita ili kuingia ya kwanza. Nilimwambia.

Fundi akatoka, akajifuta, akamkabili Baba. "Rono. Tangu huyu bwana aondoke, gia ya kwanza umeitia mara ngapi?"

Baba alimtazama kama ameulizwa swali la kitoto. "Ya nini? Ile ni gia ya mzigo. Mimi sikuweka mzigo."

"Hata kuni?"

"Muulize mama yake huyu."

Fundi Ombati alianza kucheka, cheko la tumbo, mpaka akashika mlango wa gari. "Mwangi, umesikia? Angekuibia hata safari moja, angebeba hata gunia moja la mahindi mpaka Bomet, leo gia yako ingeingia. Imeganda kwa sababu ya uaminifu. Mimi sijawahi kutengeneza ugonjwa huo."

Mzee Mwangi hakucheka. Alimwendea Baba, akasimama mbele yake, na Baba akainuka kutoka kwenye gurudumu. "Murata, rafiki yangu," Mzee Mwangi akasema, "nilisema maneno mbele ya watu."

"Ulikuwa unarudi nyuma na viazi," Baba akasema. "Mtu akirudi nyuma husema mengi."

Nilisugua ile shafti kwa mafuta ya taa na kitambaa, kisha kwa msasa laini, mpaka mchana. Gasketi Mzee Mwangi hakutaka irudishwe. Nilikata mpya, kwa kuifuata ile, kwa karatasi ya sanduku la majani chai tunalowekea nati. Yangu haina meno. Tukatia mafuta, tukafunga, na jioni, mvua ikianza, tukateremka tena darajani na mzigo ule ule, Baba na Mzee Mwangi mbele, mimi juu ya magunia. Palepale ilipokuwa imezimika, niliona mkono wa Mzee Mwangi ukivuta kushoto na kuelekea kwake. Nikasikia mlio nisioujua, wa chini, mzito, kama ng'ombe anayeguna, na pikapu ikapanda mlima ule polepole kuliko mtu anavyotembea, bila kusimama, mpaka juu.

Kwa wazee Baba na Mzee Mwangi walienda pamoja usiku ule ule. Hakuna kiapo kilicholiwa.

Kesho yake asubuhi niliamka kabla ya Mama, nikachukua kibuyu nikaenda kwa Mama Chebet kununua maziwa. Walikuwepo wote. Wakanyamaza, kama juzi. Mzee Mwangi alikuwa ananifuata nyuma na pikapu, akitafuta mzigo wa kwanza wa kupeleka kwenye makambi ya chai, na injini ilikuwa inanguruma barabarani. Niliweka kibuyu chini. Sauti ilitaka kuishia njiani tena. Nikaisukuma ipite.

"Chamgei, akina mama," nikasema, na watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka. "Mwenye mzigo alete. Gia ya kwanza iko."